Nilimcheka Ng'ombe wa Samueli

Kosa ni langu. Naanza na hilo nisije nikajificha nyuma ya vita, maana kwetu siku hizi kila mwenye doa anasingizia vita. Vita havikunishika mkono. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu yangu nyekundu ya ualimu, tena nikicheka peke yangu.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Jina siwapi ninyi wasomaji wa gazeti. Wa hapa watanijua tu, na wanijue.

Wakati ule wa vita vya pili vya huku kwetu, shule zilikuwa zimefungwa, barabara ya Uvira haipitiki, na wanaume wazima tulikuwa tunashinda tumekaa. Kabla ya hapo alikuwepo padri mmoja mzungu aliyetufundisha sataranji, échecs kama tunavyosema sisi. Alipokimbia alituachia seti mbili za mbao na rundo la majarida ya Kifaransa yenye mafumbo: kete zimepangwa tayari, nawe unaambiwa mweupe anaanza, amfunge mfalme mweusi kwa hatua tatu au nne. Jamani, tuliyala yale majarida! Ndani yake kulikuwa na kurasa za mafumbo ya ajabu ajabu, yenye kete zisizokuwepo na sheria za kubuni, na tukasoma kwamba huko kwao watu hushindana kuyatunga.

Basi mzee wetu mkatekista, mwalimu wa dini wa parokia, akasema na sisi tushindane. Kila mtu abuni kete moja mpya, aipe sheria yake, kisha aitungie fumbo. Utaratibu akauchukua kwenye majarida. Fumbo linaandikwa namba tu, na jina linatiwa kwenye bahasha iliyofungwa yenye namba ile ile. Jaji anahukumu bila kujua ni la nani, halafu anasoma maoni yake mbele ya watu. Bahasha ya mshindi inafunguliwa. Za walioshindwa zinachomwa hivyo hivyo zilivyofungwa, mtu asiaibike.

Jaji nikachaguliwa mimi, kwa kuwa hakuna fumbo la majarida lililowahi kunishinda. Sikufurahi sana, niseme ukweli. Jaji haruhusiwi kushindana, na mimi nilitaka kushinda.

Yakaja mafumbo kumi na moja. Moja lilikuwa na mtumbwi unaotembea pembezoni mwa ubao tu. Lingine lilikuwa na padri asiyeweza kula kete ya mtu. Mengi niliyamaliza kabla chai haijapoa.

Kisha nikafika namba saba.

Namba saba lilikuwa na ng'ombe. Huyo ng'ombe hali kete, na anasogea hatua moja tu, upande wowote. Lakini akisogea, mfalme yeyote aliyekuwa ubavuni mwake lazima aingie pale ng'ombe alipotoka, apende asipende. Chini yake mtungaji alieleza, kwa mwandiko safi, kwamba ameona ng'ombe wa mbele akiondoka, wengine wanaingia kwenye nyayo zake. Mweupe amfunge mweusi kwa hatua nne.

Siku ya kwanza likanishinda. Siku ya pili likanishinda. Nilimsukuma yule ng'ombe mbele, nikamzungusha huku na huku amfikie mfalme mweusi amvute nje, wapi! Mke wangu ananiita nile, namfokea. Siku ya nne nikapangusa kete zote kwa mkono zikaanguka sakafuni. Majibu ya watungaji yote alikuwa nayo mkatekista, na jaji ana haki ya kuyaomba. Nikaona haya. Mimi, niombe jibu?

Halafu yale maneno ya nyayo za ng'ombe. Sisi wa kando ya ziwa tunajua samaki na mihogo. Anayejua ng'ombe anavyoongozana ni mtu wa kule juu milimani, wale wanaosema Kinyarwanda. Dada yangu aliuawa Makobola, katika mauaji ya kijiji kizima tuliyosema ni ya wale wa milimani, na tangu siku ile nilikuwa sitaki kusikia lolote la watu wa milimani. Mwenye hatia na asiye na hatia, wote nilikuwa nimewatia kapu moja. Sisemi haya kwa kujitetea. Nasema mjue kilichokuwa kinachemka ndani yangu nilipochukua kalamu.

Nikaandika: "Namba saba halina jibu. Mtungaji anajua ng'ombe kuliko anavyojua échecs. Arudi akachunge."

Nilisoma mara tatu na mara tatu nikacheka.

Jumapili baada ya misa tukakusanyika kwenye salle, ukumbi wa parokia. Watu walijaa, hata wasiojua mchezo, maana hapakuwa na kitu kingine cha kwenda kuangalia. Nyuma kabisa walikaa vijana watatu wenye bunduki, wa lile kundi lililokuwa likipigana na watu wa milimani, na mkubwa wao nilikuwa nimemfundisha hesabu. Nikaanza kusoma maoni yangu. Watu wakacheka hapa na pale. Nilipofika namba saba, salle nzima ikaangua kicheko! Ndugu yangu, kilikuwa kicheko kitamu kile. Kwa miezi mingi Baraka ilikuwa haicheki, na sasa ilikuwa inacheka kwa ajili yangu.

"Mwalimu, fungula ile anvelope!" yule kijana mkubwa akapaza sauti. "Tumujue ule mwenye bang'ombe!"

Mkatekista akakumbatia boksi la bahasha. "Hapana. Za benye kushindwa tunachoma. Njo sheria." Akanigeukia. "Mwalimu, we njo jaji. Baambie."

Neno moja tu lilitakiwa! Sheria ilikuwa yangu kuisimamia. Lakini nilikuwa bado nimelewa kile kicheko.

"Papa, fungula tu," nikasema. "Ni muchezo."

Akaanza kupekua bahasha moja moja, polepole mno. Nilidhani ni uzee.

Hakuwahi kuifungua. Mtu alisimama mwenyewe katikati ya mabenchi. Alikuwa Samueli, fundi wa baiskeli wa pale karibu na soko, mtu mpole asiye na makuu. Mke wake ni Mubembe, kabila la huku kwetu, wa Ubwari kule ng'ambo ya maji, na yeye mwenyewe siku zote alijiita mtu wa Ubwari. Kibembe chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alisimama akiwa anatabasamu.

"Ni miye," akasema. "Mwalimu, iko na jibu. Naweza kuonyesha pa ubao? Ni hatua ine tu."

Akaanza kuja mbele. Nami nikaogopa. Sikuogopa kwa ajili yake, hapana! Niliogopa aje aonyeshe jibu mbele ya watu wote.

"Ikala chini, Samueli," nikamwambia. "Kazi ya jaji imeisha."

Yule kijana wa nyuma alikuwa hacheki tena. "Samueli, mu Ubwari kuko bang'ombe tangu siku gani?"

Samueli akasimama pale pale kati ya mabenchi. Angeweza kusema uongo wowote, na nadhani watu wangeukubali, kwa sababu walimpenda.

"Niliona kwa babu yangu," akajibu. "Kule juu."

 Mkatekista akaanza kusali kwa sauti, sala ya kufunga mkutano, hata mshindi hajatangazwa.

Jumatatu asubuhi mke wa Samueli, Mama Furaha, akaja kwangu mbio, kichwa wazi. Walikuwa wamemchukua mumewe kabla hajafungua kibanda chake.

"Bamemubeba, Mwalimu. Ule mukubwa wao ulimufundisha we, atakusikia. Enda umwambie ulikuwa unacheka tu. Umwambie ni muchezo!"

"Naenda, Mama," nikasema. "Naenda sasa hivi."

Sikwenda sasa hivi.

Hapa ndipo natamani niache kuandika. Aliposhika njia mimi nilikaa mbele ya ubao. Nilitaka kwanza nihakikishe kwamba fumbo halina jibu, nisiende kujidhalilisha mbele ya mwanafunzi wangu wakati nilikuwa sahihi! Nikazipanga kete. Nikamsukuma ng'ombe mbele kama kawaida, ikashindikana. Kisha nikafanya kitu ambacho siku zote nne hakikunijia akilini. Nikamrudisha nyuma.

Mfalme aliyekuwa ubavuni mwake alikuwa mweupe, mfalme wake mwenyewe. Akavutwa, akatoka njiani, na mnara uliokuwa umezibwa naye ukapata barabara wazi. Hatua tatu zilizobaki zilikuja zenyewe. Siku nne nilikuwa nimemtumia ng'ombe kumvuta adui peke yake, wala sikuwaza kwamba wa kwanza kuondolewa njiani ni wa kwetu. Mungu wangu, lilikuwa fumbo zuri! Katika majarida yote ya padri sikuwahi kuona lililonifurahisha namna ile, na nilifurahi kweli, dakika nzima, mpaka nikakumbuka.

Hapo ndipo nikakimbia. Jua lilikuwa limeshafika utosini. Yule kijana nilimkuta anakula ugali na ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, akasimama kwa heshima kama darasani.

"Jambo, Mwalimu."

Nikamwambia nimekosea, fumbo lina jibu. Mnasikia nilivyosema? Mtu amechukuliwa, na mimi nimeanza na fumbo! Nikamwambia Samueli ni mtu mwema, anatutengenezea baiskeli sote, hana neno na mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema Samueli wamempandisha asubuhi barabara ya Fizi, na zaidi ya hapo yeye hajui.

"We njo ulituonyesha, Mwalimu," akaniambia. "Aksanti."

Samueli hakurudi. Hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Watu waliokuwa wakishuka kutoka Fizi siku ile walisimulia mambo, na sitayaandika, kwa kuwa mtoto wake, Furaha, sasa anajua kusoma. Wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake alimchukua wakavuka kwenda kwao Ubwari.

Baadaye nilijua kwamba mkatekista ndiye aliyewafunza kabla ya ndoa yao, na alijua asili ya Samueli tangu mwanzo. Hakunisema popote. Ila katika misa, wakati wa kutakiana amani, alikuwa ananiruka anampa mkono aliyekaa pembeni yangu, kila Jumapili, mpaka alipokufa. Afadhali angenipiga kibao!

Zile kete nilizitia jikoni zikawa kuni. Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani, lakini mtoto akinyoosha kidole kuniuliza kama jibu lake ni sawa, nilikuwa nababaika. Wazazi wakaanza kulalamika. Nikaacha. Sasa nina kibanda cha sabuni na chumvi. Mke wangu anasema nimekuwa mkali bure, na mimi namwacha aamini kwamba ni bure.

Mngedhani nimemaliza. Sijamaliza.

Miaka imepita, Mama Furaha amerudi kuishi Baraka, na mwezi uliopita alikuja kununua sabuni. Amezeeka. Sikumtambua mpaka aliponiita Mwalimu.

"Nilipenda kukuuliza siku mingi," akasema. "Ile fumbo ya Samueli. Aliifanya myezi tatu. Alikuwa ananiambia: 'Ikishinda, nitabaambia miye mwenyewe kwetu ni wapi, wakati beko bananipigia makofi.' Ilikuwa muzuri?"

Hakuwa na hasira. Alitaka kujua tu, mjane anayeuliza juu ya kazi ya mikono ya mumewe. Hakuniomba nimrudishie mtu. Aliniomba neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nalo tangu ile Jumatatu.

"Ilikuwa na kosa kidogo, Mama," nikamjibu.

Ndiyo, nilimjibu hivyo! Kwa sababu kama lilikuwa na kosa, basi mimi nilikuwa jaji mkali aliyepatwa na bahati mbaya. Kama lilikuwa zima, basi mimi ni nani?

Akatikisa kichwa polepole. "Basi. Miye sijue ile mambo. Nilizani tu ilikuwa muzuri, vile alikuwa anaipenda." Akachukua sabuni yake akaenda.

Tangu siku hiyo silali, na ndiyo maana nawaandikia.

Ninyi mnaopewa kuhukumu kazi za wenzenu, iwe nyimbo za kwaya, iwe mtihani wa mtoto, iwe shamba la jirani: kitu kikikushinda, sema kimenishinda. Haiui! Usimtafute mwenye kazi ni wa kabila gani ili upate pa kuegemeza kushindwa kwako. Na watu wakicheka kwa maneno yako, usifurahi haraka, tazama kwanza ni nani pale ndani asiyecheka. Kama umepewa sheria ya kumlinda mnyonge, usiiuze kwa ajili ya makofi.

Na wewe uliyemkosea mtu ambaye bado anapumua, usiniige mimi. Funga gazeti hili uende leo, kwa miguu yako, umwambie yeye mwenyewe. Nyumba ya Mama Furaha iko mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Nimeweza kuwaambia ninyi wote, watu nisiowajua, kwamba fumbo la Samueli lilikuwa zuri na halikuwa na kosa lolote. Kwake bado sijafika. Jana alituma mtoto kununua sabuni, nikamwambia imekwisha.