Mistari Mitatu Aliyoifuta Mkuu

Shinobu Tokunaga alikuwa mwanamke pekee aliyeandika programu katika kampuni moja ya michezo ya kompyuta pale Osaka, mwaka 1986, na bado chai ya saa nne alichemsha yeye. Mkuu wake, Kuwabara, alimwahidi: mchezo wake wa ndege ukipendwa, unaofuata atauongoza yeye. Basi akajitoa kufa na kupona.

Kazi aliijua, msinibishie. Programu ya mchezo haikai kumngoja mchezaji abonyeze; inazunguka tu. Inasoma vitufe, inasogeza ndege na maadui, inaangalia nani kagongana na nani, inachora picha. Kisha inangoja kidogo, kioo cha kompyuta kiwe tayari, ndipo ianze upya, mara sitini kwa sekunde. Bila kule kungoja, mashine yenye nguvu zaidi itaukimbiza mchezo itakavyo.

Ndani ya programu hiyo Kuwabara akaiona mistari mitatu ya kungoja.

"Hii ya nini? Tunauza kasi, wewe unailaza mashine!"

"Mkuu, ukiitoa, kwenye mashine mpya..."

"Umeanza! Chai iko wapi?"

Akaifuta mwenyewe. Mashine ya ofisini ilikuwa kuukuu, inachora kwa kujikokota, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Mashine mpya zikafika kwa wateja. Loo! Mchezaji hajakaa sawa, keshakufa. Nakala za mchezo zikarudishwa zote.

Pale kosa la mkubwa huombewa radhi na mdogo. Mbele ya wateja Kuwabara akamnong'oneza, "Inama sana, Bi Tokunaga. Habari za mistari usizitaje." Shinobu akainama mpaka nywele zikagusa meza.

"Kosa ni langu," akasema.

"Ndio vijana wetu hawa, mtuwie radhi," Kuwabara akadakia. Hana haya yule!

Mistari ikarudishwa, mchezo ukapendwa nchi nzima. Unaofuata akapewa Ogata, aliyeajiriwa juzi tu. "Wateja wanakukumbuka kwa lile kosa," Kuwabara alimwambia Shinobu, akamhamishia kwenye kupokea simu za wateja.

Siku moja akapiga mama mmoja wa Sapporo.

"Dada, mchezo wa ndege kautengeneza nani? Nyumba nzima tunaucheza. Nataka nimshukuru."

"Kampuni haitaji majina, mama," Shinobu akajibu, kama alivyoagizwa.

"Basi nifikishie salamu. Mwambie ana akili kweli!"

"Nitamwambia," akasema, akaweka simu chini.