Mafundo Chini ya Meza ya Treni

Baba alizikwa Jumanne. Jumamosi ya wiki iliyofuata, nikiwa nimelala chali chini ya meza yake, nilianza kugundua kwamba kuna jambo alilotuficha kwa miaka kumi na tisa.

Juu ya meza ile kulikuwa na reli yake ya mfano: treni ndogo, stesheni, daraja, njia za kupishana. Mimi nilikuwa namalizia bodi ya swichi aliyoiacha njiani. Kila swichi ilitakiwa kupeleka umeme kwenye kipande kimoja cha reli.

Baba mdogo, ambaye ni seremala, alisimama mlangoni na msumeno.

"Binti, tulikubaliana. Saa sita kamili mchana. Ikizunguka mara moja bila kusimama, meza ibaki. Isipozunguka, mbao naondoka nazo."

"Bado dakika ishirini, baba mdogo."

"Ishirini zitafanya nini? Treni ya kweli yenyewe aliiacha, itakuwa hii ya kuchezea?"

Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Baba alikuwa dereva wa treni. Siku moja, miaka kumi na tisa iliyopita, akarudi nyumbani, akavua sare, basi. Hakusema kwa nini. Baba mdogo akambandika jina: Bwana Mapumziko. Baba alicheka tu, akarudi chumbani kuchonga stesheni zake.

Nikaunga waya kwa rangi, kama tulivyofundishwa shuleni. Nyekundu na nyekundu, kijani na kijani. Nikalehemu, nikapuliza ipoe. Nikawasha.

Pap!

Fyuzi ikaungua. Harufu ya plastiki ikajaa chumbani.

"Kimenuka," akasema baba mdogo, akauhamishia msumeno mkono wa kulia.

Fyuzi ilibaki moja.

Nikarudi chini na tochi, na hapo nikaona vituko. Waya mmoja ulianza mwekundu, katikati umeungwa wa kijani, ukaishia mwekundu tena. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo.

Baba, mbona umenitenda hivi?

Dakika kumi na mbili.

Nikaushika waya kwa hasira, niung'oe. Kidole kikagusa fundo.

Nikapapasa. Mafundo mawili. Waya wa jirani, matatu. Nikamulika juu: chini ya kila kipande cha reli alikuwa amegongelea vimisumari. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne.

Mafundo mawili, vimisumari viwili, swichi ya pili!

Waya za kurudisha umeme hazikuwa na fundo hata moja, na mimi nilikuwa nimezichanganya na zile za kupeleka. Nikazima tochi. Nikafumba macho, nikafuata vidole, nikaziunga upya moja baada ya nyingine.

Dakika tatu.

Nikaweka fyuzi ya mwisho. Nikawasha.

Treni ikaondoka. Kipande cha kwanza, cha pili. Cha tatu ikapunguza mwendo, roho ikanipaa. Ikajivuta, ikajivuta, ikapita. Ikazunguka yote na kuingia stesheni.

"Haya, imezunguka," baba mdogo akasema. "Lakini mtu mzima anafunga mafundo wakati rangi zipo? Kaka alishaanza kuchanganyikiwa."

"Hakuchanganyikiwa, shemeji."

Ni mama. Sijui alifika mlangoni saa ngapi.

"Rangi alikuwa hazioni vizuri. Nyekundu na kijani zilishakuwa kitu kimoja machoni pake. Siku ile alipita taa ya kusimama, na abiria mia nne nyuma yake. Mungu alisaidia, mbele hakukuwa na treni nyingine. Akarudi, akavua sare, akaniapisha. Alisema, waache waniite mvivu, kuliko wajue nusura niue watu."

Baba mdogo akalaza msumeno sakafuni. Akapiga magoti, akaingia chini ya meza na kitambi chake chote. Tulimsikia akipapasa waya, mmoja baada ya mwingine.

"Nimemwita mvivu mbele ya wanangu," sauti yake ikatoka huko chini.

"Alikusikia," mama akajibu.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mtu mnamcheka kwa jambo ambalo hataki kulieleza, kaa naye pembeni umuulize kwa upole, wakati bado anaweza kukujibu.

Mimi nilimpenda sana baba yangu. Sikuwahi kumuuliza hata mara moja.