Faili la Ishirini

Mlango ulifungwa kwa ufunguo saa nne asubuhi. Mzee Mniko, tarishi wa kiwanda cha pamba Bunda, akabaki ndani na Hyasinta wa kompyuta.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Juzi Mniko alileta disketi ya mafaili mapya kutoka Musoma. Jana yalipoingizwa, programu ya mizani ikafa.

“Umeibadilisha njiani,” bosi Rafaeli alisema. “Hutoki mpaka nijue.”

“Leo tunasimamisha msalaba wa mke wangu Dafroza, kule Butiama. Gari la misheni linanipitia saa sita.”

“Basi omba ijulikane kabla ya saa sita.”

Hyasinta akamweleza. Disketi ina mafaili ishirini ya maktaba, vipande ambavyo programu huviazima ili ifanye kazi. Jina la faili mtu hubandika tu. Lakini kompyuta hulipigia hesabu faili zima, ikatoa mstari wa herufi na namba, kama alama ya dole gumba. Likiguswa kidogo tu, mstari wote unakuwa mwingine. Musoma walituma karatasi ya mistari yao. Hyasinta akachapa ya disketi.

“Nipe na mimi.”

“Babu, hata mshahara unapigaga dole. Utasoma?”

“Sisomi. Naangalia. Nilikuwaga na ng'ombe sitini. Kila mmoja nilijua alivyokatwa sikio.”

Wakagawana, kumi kumi; Mniko akapewa kumi za mwisho. Kidole kikatambaa. Nje gari likapiga honi. La tisa, sawa. La kumi halikufanana hata chembe. Ya Hyasinta yote yalikuwa sawa. Mniko angenyamaza, mlango ungefunguliwa.

“Hili siyo la kwao,” akasema.

Hyasinta akashusha jalada la mistari ya mwaka jana, wakautafuta mstari ule. Honi ikalia tena. Ukurasa wa tatu, wakaupata: faili kuukuu la mashine ya bosi, lenye jina lilelile. Gari likaondoka wakisikia.

Hyasinta akagonga mlango. “Bosi, disketi ilipofika uliiweka kwenye mashine yako?”

Bosi akajibu kutoka nje, “Nilinakili kidogo tu.”

Ufunguo ukazunguka. “Mzee, nisamehe. Nenda.”

Mniko hakuinuka. Huko Butiama walikuwa wanashindilia udongo, na jina limechongwa kwenye mbao.

“Binti,” akasema, “niandikie jina la Dafroza. Herufi kubwa.”

“Ya nini, babu?”

“Nikifika, nilinganishe.”