Paji la Uso Juu ya Gramafoni

Mzee aliyekuwa akiendesha kinu kikubwa pale tunaposaga mahindi, hapa Nakuru, amekufa. Lori lililoleta mahindi kutoka Rongai lilirudi nyuma uani likipiga honi, naye akaendelea kutembea. Naandika haya kwa utulivu kwa sababu mhariri ameniomba nisitukane. Nyapara wetu hakuombwa na mtu. Maiti ilikuwa bado chini, yeye ameshasema, "Muziki ndio uliomuua. Kichwa kilijaa magitaa." Na kwa desturi ya pale, mtu akisemwa amekufa kwa uzembe wake, mjane wake anatoka kwenye chumba cha kampuni mwisho wa mwezi, yeye na watoto.

Basi niueleze muziki wenyewe, maana mimi ni karani wa mizani na niliusikiliza kama wengine, mtoto mgongoni. Ndani ya kinu mtu anaweza kukupigia kelele sikioni na usijue anataka nini. Marehemu alileta gramafoni yake ya kuzungusha kwa mkono, akaiweka juu ya magunia matupu ili isitikisike na sakafu, akatuonyesha: unalaza paji la uso juu ya sanduku, unafumba macho, na wimbo unakuingia kupitia mfupa. Tulikwenda mmoja mmoja, kwa zamu fupi, kwa kuwa mashine haisubiri. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kusikia wimbo mzima. Huyu alipata mwanzo, yule katikati, na saa ya chakula tulikaa nje na uji wetu kuunganisha vipande. Ulikuwa wimbo wa mwanamume anayembembeleza mwanamke wahamie Naivasha.

"Wewe mzee, leo umemwacha wapi?" aliuliza mama mmoja wa kushona magunia.

Marehemu alimtazama mdomo kwanza, kama kawaida yake. "Bado anakataa."

"Amekataa tangu Jumatatu! Huyo si mwanamke, ni ukuta."

"Labda hajamsikia," akasema, akacheka peke yake.

Jumamosi, baada ya mazishi, tulikaa uani kwake. Nyapara alikuja kutoa pole na kukumbusha habari ya chumba, vyote kwa pumzi moja. Mjane aliingia ndani, akatoka na gramafoni. "Tuusikilize basi huo uliomuua," akasema, akaizungusha. Palikuwa kimya hata kuku ulimsikia akiparura. Wimbo ulitoka kwa nguvu, watoto wa jirani wakaanza kucheza nje ya ua. Kumbe yule mwanamke anakubali mapema kabisa, na kinachobaki chote ni gitaa. Nilitaka kucheka. Kisha wanaume watatu wa kinuni, waliozeeka pale, wakainuka kwenye benchi, wakapiga magoti, wakalaza mapaji ya uso juu ya sanduku.

"Ondokeni hapo, mnamwaibisha mama!" nyapara akasema. Hakuna aliyeinua kichwa. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Waite tena, baba," mjane akamwambia. "Au hao nao wamejaa magitaa?"

Nyapara akavaa kofia yake. Habari ya chumba hakuirudia siku ile, lakini mwisho wa mwezi haujafika, na wenye kinu husoma gazeti hili. Nawaambia: gramafoni ilikuwa ndani, juu ya magunia yake, kimya, wakati lori lilipopiga honi. Kilichokula masikio ya yule mzee ni kinu chenu. Chumba ni cha mjane.

Mimi niliusikia wimbo wote nikiwa nimekaa kwenye benchi. Sijamaliza mwaka pale. Mtoto wangu amezoea kulala fofofo kando ya mashine, na watu hunipongeza eti nimejaliwa mtoto mtulivu. Jioni ile nilisimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya kawaida. Aligeuka. Sasa anabaki kwa jirani. Na wewe msomaji, mtu akipitwa na wito wako, usianze na neno uzembe. Muulize anafanya kazi wapi. Muulize akiwa anakutazama mdomo.