Hindi Kabla ya Malimbuko

Mama alikufa mahindi yakiwa bado mabichi. Baba alitangulia miaka miwili kabla. Nikaacha shule kidato cha pili, nikabaki kijijini kwetu Isansa na mdogo wangu wa miaka tisa, shamba la mahindi na mibuni michache ya baba.

Kwetu, mahindi mapya hayaonjwi mpaka malimbuko yapelekwe kanisani. Mwaka ule mama alikuwa hawezi tena kuinuka, akatamani hindi la kuchoma. Mdogo wangu akaenda kuvunja moja, akalichoma, wakala wote wawili. Jumapili ya malimbuko ilikuwa bado. Siku ya nne mama akafariki.

Wiki iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Mzee wa kanisa alifundisha kwamba Mungu hamwonei mtu, kwa hiyo nyumba ikipigwa mara mbili, wenye nyumba wajichunguze. Akatuomba mwenye neno moyoni alitoe. Mdogo wangu akasimama, akaeleza habari ya hindi.

“Mungu amekusamehe, mwanangu,” mzee akasema kwa upole.

Angemkaripia, ningejua la kumjibu. Lakini kumsamehe kulikuwa kukubali kwamba yeye ndiye aliyemuua mama, na mtoto alisikia hivyo hivyo.

Bibi jirani akakohoa. “Basi mniombee na mimi. La kwangu nimelionja tangu Jumatatu, na bado nadunda.”

“Bibi, usilete mzaha.”

“Mzaha gani? Nilikuwa na njaa.”

Watu wakacheka. Mdogo wangu hakucheka. Nikasema, “Mzee, hindi lile aliliomba mama. Mtoto angemnyima?”

“Binti yangu, hatushindani na Mungu.”

“Sishindani, mzee. Nauliza.”

Wakaanzisha wimbo wa kufunga. Nami nikaimba. Mabega yale ndiyo yaliyobeba jeneza la mama, na mikono ile ndiyo ingekuja kutusaidia kuvuna. Kwetu ukijitenga na jumuiya, siku ya msiba utachimba kaburi mwenyewe. Kila Alhamisi tuliendelea kwenda kusali nao.

Mwaka mzima mdogo wangu hakugusa hindi la kuchoma. Nilimwambia si yeye.

“Basi ni nani, dada?”

Nilikosa wa kumtaja. Kumtaja Mungu niliogopa. Kusema hakuna aliyefanya, nilijaribu, akarudia swali lile lile.

Msimu uliofuata, wiki mbili kabla ya malimbuko, nilivunja hindi, nikalichoma mbele yake, nikala nusu. Nusu ya pili nikaiweka kwenye sahani yake.

“Dada, utakufa.”

“Iko siku nitakufa. Lakini si kwa hili.”

Nusu yake akaifunika bila kuigusa, akaanza kunifuata. Nikienda kisimani yupo, nikipalilia kahawa yupo, nikiingia chooni anasimama nje na kuniita nimwitikie. Siku ya tatu niliamka na kichwa kinaniuma. Nilimficha, nikatwanga mahindi kama kawaida, huku na mimi nahesabu siku. Sikuwahi kumwambia kwamba nilihesabu.

Siku ya nne ikapita. Asubuhi ya siku ya tano alikaa jikoni akinitazama nikikoroga uji, kisha akafunua sahani yake. Punje zilikuwa zimesinyaa. Akazibonyeza kwa kidole.

“Limekauka,” akasema. “Kavunje lingine.”

Malimbuko yalikuwa bado. Nikaepua uji, nikaenda shambani.