Tangi Lililokatazwa Kushushwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika gerejini kabla ya saa moja asubuhi, nimevaa ovaroli ya kaka yangu iliyonizidi kimo. Gereji ilikuwa ya shamba kubwa la majani chai nje ya mji wa Kericho. Mama yangu alitoka Kisii kabla sijazaliwa, akachuma chai katika shamba hilohilo mpaka mgongo ukamkatalia. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa letu.

Fomeni, mzee wa Kikipsigis mwenye sauti ya chini, alisoma barua yangu mara mbili.

"Hii barua haikusema ni msichana," akasema.

"Ilisema ni fundi, mzee?"

"Ilisema."

"Basi ni mimi."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa spana namba kumi na kunionyesha pikipiki iliyoegemezwa ukutani. Hayo ndiyo yalikuwa makaribisho yangu.

Pikipiki za wasimamizi wa shamba wakati huo zilipozwa na upepo tu. Injini ilikuwa na mapezi ya chuma pembeni, na upepo wa safari ukipita katikati yake, joto linaondoka. Kazi yetu kubwa ilikuwa kukwangua matope yaliyoziba mapezi hayo msimu wa mvua, na Kericho mvua haina likizo. Fomeni hakupenda maneno mengi, lakini sheria moja aliirudia kila wiki. "Usifungue tangi la petroli mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini na kuhesabu hamsini. Ukifika ishirini ukatoa mkono, nenda ukanywe chai kwanza."

Nilikaa pale miaka mingi. Baadaye nilihamia Kiptere, kwenye gereji ya mfanyabiashara mmoja aliyetoka Nyeri, ambaye sote tulimwita Bosi. Kwake ndiko nilikoziona kwa mara ya kwanza pikipiki zinazopozwa na maji. Ndani yake kuna pampu inayozungusha maji ya dawa, yaani maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu, kuizunguka injini, yanabeba joto hadi kwenye rejeta iliyo mbele, upepo unayapoza, yanarudi tena. Katikati ya njia hiyo kuna kimlango kidogo cha shaba kiitwacho thamostati. Maji yakiwa baridi kinafunga, yakipata moto kinafungua. Bosi alinifundisha kwamba hewa ikinaswa ndani ya mipira inayopitisha maji hayo, injini itachemka hata kama rejeta imejaa. "Toa hewa, Kemunto," alikuwa akisema. "Usipotoa hewa hujafanya kitu."

Kutoka Kiptere nilichukuliwa na mradi mmoja wa chanjo ya mifugo uliokuwa na ofisi upande wa Bomet. Mradi ulikuwa na pikipiki tatu kubwa zinazopozwa na maji, kwa kuwa barabara za kuteremkia Chebunyo ni ndefu na huko jua ni kali. Nilipoingia gerejini mwao nilikuta bango ukutani, limeandikwa kwa rangi nyekundu: NI MARUFUKU KUSHUSHA TANGI.

Sababu ilikuwepo. Fundi aliyenitangulia alishusha tangi injini ikiwa bado moto. Petroli ikadondokea ekzosi, pikipiki ikawaka pamoja na paa la stoo. Meneja wa Usafiri wa mradi mwenyewe ndiye aliyeuzima moto ule kwa magunia yaliyoloweshwa, na mkono wake wa kulia ukabaki na kovu kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Sikumlaumu kwa bango lile hata siku moja.

Lakini thamostati za pikipiki zile zilikuwa chini ya tangi. Bila kushusha tangi huwezi kuzifikia, wala huwezi kufikia skrubu ya kutolea hewa. Kwa hiyo kazi yote iliyofanywa kwa miaka miwili ilikuwa kuongeza maji ya mto kwenye rejeta na kumwambia dereva aende polepole.

Kisha ugonjwa ukaingia katika ng'ombe wa Chebunyo. Daktari wa mifugo, kijana wetu Koech, aliondoka asubuhi na chanjo ndani ya kasha la barafu. Pikipiki ikachemka njiani. Akangoja ipoe, akaenda kidogo, ikachemka tena. Mpaka alipopata lori la kumrudisha, barafu ilikuwa imeyeyuka na dawa yote imeharibika. Nilimkuta ameketi juu ya mtungi wa maji nyuma ya gereji, kofia mkononi.

"Ng'ombe za watu zinakufa, mama," akaniambia, "na mimi nimekaa kando ya barabara nangoja injini."

Mchana huo Meneja alitangaza kwamba pikipiki zote tatu zitaondolewa barabarani. Mpya zingechukua miezi kufika. Nikagonga mlango wake.

"Nipe siku moja nishushe tangi," nikasema.

Akaweka mkono wake wenye kovu juu ya meza. "Umeona hii mkono?"

"Nimeuona, Bwana Meneja."

"Basi unaniuliza nini?"

"Nakuuliza siku moja. Na wewe uje usimame pale, uangalie kila kitu."

"Na ikiwaka?"

"Nitaandika sasa hivi barua ya kuacha kazi, uiweke kwenye drowa. Ikiwaka, uipokee."

Akanisogezea karatasi. "Andika," akasema.

Niliandika. Nilikuwa mjane mwenye watoto wawili sekondari, lakini niliitia sahihi nikamkabidhi.

Asubuhi iliyofuata injini ilikuwa imelala usiku kucha. Tuliisukuma pikipiki hadi uwanjani, mbali na jiko la mlinzi, nikaweka ndoo mbili za mchanga karibu. Niliweka kiganja juu ya injini, nikahesabu hamsini kwa sauti. Nikaondoa kiti, nikafungua waya hasi wa betri ili pasipatikane cheche, nikafunga koki ya petroli. Nikatoa bolti ya nyuma ya tangi, nikaliinua kidogo, nikachomoa mpira wa petroli na kuuziba, kisha mpira wa kupumulia na waya wa geji. Mwisho nikalivuta kuelekea kwangu, likaachia vishikizi vya mpira vya mbele vilivyolishikilia, nikalilaza juu ya blanketi kuukuu upande unakoelekea upepo, ili mvuke wa petroli uende mbali nasi. Hakuna tone lililoanguka. Meneja, aliyeanza akiwa amesimama langoni, sasa alikuwa hatua tatu kutoka kwangu.

Nilifungua maji ya zamani kutoka chini ya pampu. Yalitoka mekundu kama udongo wa shamba. Thamostati nikaichomoa, nikaipeleka jikoni kwa mlinzi, nikaining'iniza kwa waya ndani ya sufuria ya maji, tukayachemsha. Maji yalitokota, kile kimlango hakikufunguka hata unywele.

"Hii ndiyo imetuumiza?" Meneja akauliza.

"Ndiyo hii. Na nyingine mpya ziko stoo, kwenye makasha yaliyokuja na pikipiki. Hayajawahi kufunguliwa."

Alienda stoo mwenyewe, akarudi na kasha.

Nikasafisha njia zote kwa maji safi, nikafunga thamostati mpya, nikajaza maji ya dawa. Nikalegeza skrubu ya hewa na kuminya mipira kwa vidole mpaka povu likaisha. Tangi likarudi mahali pake bila kubana mpira wowote.

Koech aliondoka na chanjo nyingine. Mimi nilikaa gerejini nikifagia sakafu iliyokwisha kuwa safi. Saa sita na kitu simu ikalia.

"Mama, niko Chebunyo."

"Mshale wa joto uko wapi?"

"Haujavuka katikati. Na barafu bado ni ngumu."

Nilipogeuka, Meneja alikuwa nyuma yangu na barua yangu mkononi. "Chukua karatasi yako," akasema. "Kesho ushushe zile zingine mbili." Jioni alileta ngazi, akalibandua bango kwa mikono yake.

Nilifanya kazi pale mpaka umri wa kustaafu ukafika. Nyinyi mafundi mnaoanza leo mna vipimo vinavyosoma ugonjwa wa injini kwenye simu, na ninafurahi kwa ajili yenu. Ninachowaomba ni kidogo: mkikuta katazo ukutani, ulizeni lilitokana na nini, halafu tafuteni njia ya kufanya kazi hiyo pasipo mtu kuumia.

Siku ya kuniaga, wazee watatu walikuja kutoka Chebunyo wakiongoza mtamba mwekundu kwa kamba. Nilidhani wamemleta ili Daktari amtazame. Mkubwa wao akaniita mbele ya watu wote.

"Sisi hatujui mambo ya tangi," akasema. "Tunajua tu kwamba dawa ilifika, na ng'ombe wetu wakabaki. Mama, huyu ni wako."

Leo mtamba yule ana ndama wa pili, na maziwa yake ndiyo tunayonywea chai hapa Kiptere, nilikorudi kuishi.