Santuri za Nyuma ya Sanduku

Jina langu lifichwe, tafadhali, kwa kuwa mdogo wangu anausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, nimesoma hadi chuo kikuu, na ninaishi hapa Mpanda.

Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita. Mwaka huu baba ameoa mjane kutoka upande wa Mpimbwe, tunamwita Mama Mdogo. Katika kikao cha familia mimi, mtoto wa kwanza, ndiye niliyesema vitu vya marehemu viondolewe nyumbani kwa baba, Kawajense, zikiwemo santuri zake, kabla mwingine hajavizoea. Mdogo wangu wa kiume, anayeishi Sitalike, aliniunga mkono. Anakuja na gari Jumamosi kuvichukua.

Jumapili nilikwenda kuzipanga santuri katika sanduku lake. Upande wa mbele zilikaa za kwaya, zile tulizokua nazo. Nyuma yake, humo humo sandukuni, nikakuta santuri za dansi ambazo hakuna aliyewahi kututajia. Kilichonishangaza ni kwamba za kwaya zilikuwa karibu mpya, ilhali hizi zilikuwa zimelika kwa kupigwa. Nikaweka moja kwenye gramafoni, nikijiambia nahakiki tu kama bado inatoa sauti.

Gita lilipoanza, Mama Mdogo alitoka jikoni na mwiko mkononi, akiimba neno kwa neno. Baba, ambaye tangu msiba hujibu kwa kutikisa kichwa tu, akainuka kitini.

“Mzee, taratibu, nyonga hiyo haina spea!” Mama Mdogo akamtania.

“Acha maneno, njoo!”

Wakanivuta na mimi. Nilicheza, nikacheka hadi machozi, sebuleni kwa mama yangu, chini ya picha yake.

Santuri ilipokwisha nilimuuliza baba ni nani aliyekuwa akizipiga.

“Mimi na mama yako. Ulipozaliwa ukawa unalia kila ukisikia tarumbeta. Tukaziweka nyuma, tukasema ukikua tutazitoa. Ndo tukasahau.”

Jioni nilimpigia mdogo wangu kumwomba tuziache. Hakuniacha nimalize.

“Dada, umepikiwa wali wa Mpimbwe mara moja tu, mama umeshamsahau? Si wewe mwenyewe uliyesema viondolewe?”

Nikamwambia basi, aje Jumamosi kama tulivyopanga. Sikumwambia kwamba nilicheza.

Baba hajabisha. Leo asubuhi nimemkuta akilifunga sanduku kwa kamba, bila kujibakizia hata moja.

Huenda najidanganya. Huenda natafuta sababu ya kuhalalisha furaha niliyoipata mapema mno, na mama hawezi tena kuulizwa. Lakini nikiitazama ile kamba naona nimewazimia wazazi wangu muziki mara mbili: nikiwa mchanga bila kujua, na sasa nikiwa na akili zangu zote. Nikimweleza mdogo wangu yote, pamoja na kucheza, atasema nimemsaliti mama. Nikinyamaza, Jumamosi sanduku linapanda gari.

Nyie mliowahi kusimama hapa nilipo, nishaurini: mngeifungua kamba hiyo?